Embe au ukwaju? Kulisaka pishi la matumbo la marehemu mama

Ng'ombe akichinjwa katika kijiji chochote cha Pwani ya Kusini, nyama yake haikai. Paja huenda kwa wakwe, mbavu kwa majirani, kichwa na miguu kwa wazee wa supu. Ikiwa ni Idi ya Kuchinja, fungu moja katika matatu ni la maskini. Kinachobaki uani hadi alasiri ni matumbo. Hayo hayagawiki kirahisi, hayastahimili safari, na yakilala bila kusafishwa hayafai tena. Ndiyo maana tangu zamani yalikuwa chakula cha waliofanya kazi siku hiyo: wanawake walioamka alfajiri kukuna nazi, vijana walioshika kamba na watoto waliotumwa maji.

Marehemu mama yangu alikuwa na pishi lake la matumbo ya nazi ambalo majirani zetu huko Msambweni walilitambua kwa harufu kabla ya kuitwa. Hakuliandika popote. Alikuwa hajui kipimo cha kijiko wala cha gramu. Kila ulipomuuliza kiasi gani, alijibu kwa kukuonyesha kiganja. Alipofariki, sisi wanawe tulijua kwamba pishi lile tunalo vichwani. Tulipokubaliana kulipika tena siku ya Idi, ndipo ilipobainika kwamba kila mtu ana lake. Kaka yetu mkubwa aliapa kwamba mama alitia embe bichi. Mimi, kitinda mimba, nakumbuka ukwaju, na nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuutoa kokwa.

Mabishano hayo yaliendelea kwa simu baina ya Ukunda, Likoni na Msambweni, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Hatimaye tulimwendea mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye mtu pekee aliyesimama naye jikoni tangu wakiwa wasichana. Alitusikiliza, akacheka, akasema tuanze na ng'ombe kwanza, tamu na chachu zitakuja baadaye.

Ng'ombe haba, nazi tele

Mama mdogo alikuwa na haki ya kuanza hapo. Ukanda wa pwani kutoka Likoni hadi Lunga Lunga haukuwahi kuwa nchi ya ng'ombe. Misitu na unyevu wa Milima ya Shimba ni makao ya ndorobo, mbung'o anayeeneza nagana, na kupe wa huku huambukiza ndigana kali, maradhi ambayo wakoloni waliyapa jina la homa ya Pwani ya Mashariki baada ya maradhi hayo kufika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ng'ombe waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Hata miaka ya karibuni wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi, walikuja Shimba Hills kuwavisha ng'ombe kola zenye harufu iliyoigwa kutoka kwa kuro, mnyama ambaye ndorobo humkwepa.

Wafugaji wa kaunti ya Kwale wako zaidi bara, kwenye ukavu wa Kinango na Samburu, kwa Waduruma. Kwa Wadigo wa mwambao, ng'ombe alinunuliwa, akaletwa, akachinjwa kwa sababu maalumu: harusi, matanga, Idi. Siku nyingine zote kitoweo kilikuwa samaki, kunde au mchunga.

Nazi, kinyume chake, ilikuwa haihesabiwi. Kila boma lilikuwa na minazi yake, na mtoto aliyetumwa nazi hakupewa pesa. Kwa hiyo pishi la mama lilikuwa hesabu rahisi ya mahali: kidogo cha ng'ombe kinyooshwe kwa nazi nyingi, kiwafikie watu wengi. Hesabu hiyo hiyo imefanywa kwingine kwa vitu vingine. Waganda huchanganya matumbo na matoke wakapata katogo ya asubuhi. Wakikuyu huyajaza vipande vya nyama na damu wakachoma mutura. Huku kwetu mkono ulienda kwenye mnazi. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Kazi iko kwenye kusafisha

Mama mdogo alituagiza tuwe bucha kabla ya saa mbili asubuhi, na tusikubali matumbo yaliyokwisha kung'arishwa yakawa meupe pe. Kwa maoni yake, hayo yamekwisha kuoshwa ladha. Tulichukua ya kijivu, yenye rangi ya majani kwa mbali, kutoka kwa muuzaji ambaye nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Jambo hilo la muhuri si la kupuuzwa. Sheria ya kudhibiti nyama ya mwaka 1972 inataka kila mnyama akaguliwe, na viungo vya ndani ndivyo vinavyomwambia mkaguzi mengi: ini hupasuliwa kutafuta minyoo, mapafu hupapaswa kutafuta uvimbe. Anayekula matumbo ana sababu kubwa zaidi ya kudai muhuri kuliko anayekula paja.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Kile kikubwa, ambacho kwa ng'ombe mzima hubeba zaidi ya lita 100, ndicho wauzaji wanachokiita taulo kwa ajili ya vinyweleo vyake. Chumba kingine, kitabu, kina kurasa, moja juu ya nyingine, na kila ukurasa huficha mchanga na majani yaliyosagika. Kisha kuna chengelele, utumbo mwembamba, ambao wengi siku hizi huuacha bucha. Mama hakuuacha, na tutaona kwa nini.

Maji ya kukwangulia taulo yasichemke. Mama mdogo aliyapima kwa kidole: akikizamisha asiweze kuhesabu hadi tatu, yako tayari, yakitokota, yamepita. Sababu tuliiona kwa macho. Katika maji ya moto wa kadiri, ile ngozi nyeusi ya juu hulegea na kutoka kwa mgongo wa kisu kama utando wa maziwa. Katika maji yanayotokota hujikaza, ikang'ang'ania nyama, na hakuna kisu kitakachoitoa. Kitabu tulikifungua ukurasa baada ya ukurasa chini ya maji yanayotiririka. Chengelele tuliigeuza ndani nje kwa kijiti cha kuti la mnazi, tukaisugua kwa chumvi ya mawe na ndimu mpaka ikaacha kuteleza mkononi.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima kwa watu wanne. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakupika matumbo siku za kawaida hata pesa zilipokuwapo. Hakukosa matumbo, alikosa mikono. Pishi hili lilibuniwa kwa ua wenye shangazi, binamu na majirani, na anayetaka kulipika peke yake ndani ya chumba cha kupanga Ukunda atalichukia kabla hajawasha moto.

Kisha ikaja siri ya chengelele. Mama mdogo alikata taulo na kitabu vipande virefu vya upana wa kidole, akaviweka pamoja na kipande kidogo cha mafuta, akavizungushia chengelele mara kadhaa na kufunga kifundo. Vilipokwisha kupangwa kwenye sinia, vifundo vilikuwa sawasawa kwa ukubwa, na kila kimoja kilikuwa na kila kitu ndani. Ndivyo mama alivyozuia ugomvi wa watoto: hakuna aliyepata kitabu mwenzake akapata chengelele tupu. Upawa mmoja, vifundo viwili, basi. Ukitaka kujua nyumba ilikuwa na watoto wangapi, hesabu vifundo.

Kalenda ndiyo iliyoamua

Swali la embe na ukwaju lilirudi tulipoanza kupanga viungo, na mama mdogo hakusema nani mkweli. Aliuliza tu: "Kaka yako alikuwa darasa la ngapi?"

Swali hilo ndilo lililofungua fundo. Kaka alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 Idi ya Kuchinja iliangukia Novemba, na miaka miwili iliyotangulia iliangukia Desemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo miembe ya Pwani imejaa matunda mabichi na machachu, yanayoangushwa na upepo na watoto. Mimi nilifikia umri wa kutumwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1986 Idi ilikuwa katikati ya Agosti, na mwaka uliofuata mwanzoni mwa mwezi huo huo. Agosti mwembe una maua. Lakini ukwaju umekwisha kuvunwa, umeviringwa madonge kwa chumvi na kuwekwa darini.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hutembea kinyumenyume ndani ya misimu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Mama alipika sikukuu ile ile katika misimu tofauti, na jikoni kwake msimu ulitangulia mazoea. Kaka alisema kweli, nami nilisema kweli. Tulikuwa tukikumbuka miaka tofauti ya mpishi mmoja. Anayetaka embe tu kwenye sufuria ya Idi atasubiri: sikukuu hiyo itarudi Novemba na Desemba mapema miaka ya 2040.

Jambo hilo lilibadilisha namna nilivyolitazama pishi zima. Tulikuwa tukitafuta orodha ya vitu, na mama hakuwa na orodha. Alikuwa na kanuni: chachu ya msimu, mafuta ya mnazi wa nyumbani, moto wa kuni zilizopo, na kila mtu apate. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Sisi tulitazama kisogo; kilichokuwa mbele ya macho yake, yaani soko, mti na mwezi, hatukukitazama.

Tui haliongopi

Viungo vyake vilikuwa vichache. Kitunguu maji, thomu, tangawizi iliyopondwa, bizari ya manjano kidogo ya kutia rangi, pilipili manga, na pilipili mbichi nzima zisizopasuliwa ili anayezitaka azipasue mwenyewe kwenye sahani. Nyanya ya mkebe haikuwamo, wala masala ya pakiti.

Vifundo huchemshwa kwanza kwa tangawizi na chumvi, maji hayo yakamwagwa. Hatua ya pili hupikwa kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili na wa tatu, kwa moto mdogo mpaka kifundo kikibanwa kwa vidole kikubali. Chachu, iwe embe au ukwaju, huingia hapa, wakati tui ni jepesi. Tui zito la mkamuo wa kwanza huja mwisho kabisa, sufuria ikikorogwa bila kuachwa, na huteremshwa mara linapoanza kutoa mapovu ya pembeni. Ukilitia mapema, au ukaliacha litokote pamoja na chachu, tui hukatika: mafuta yakaelea juu, maji yakabaki chini, na mchuzi ukawa na chenga. Hakuna kiungo cha kulirudisha.

Hapo nazi inahitaji kuwa nazi. Mbuzi na kifumbu cha mama bado vipo, na chicha bado ni chakula cha kuku. Kilichopungua ni minazi yenyewe. Mingi ya Kwale ilipandwa na mababu na sasa imezeeka. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutoboa kilele na kuua mti kwa ndani. Mnazi unaogemwa pombe hauzai nazi, kwa kuwa kinachokatwa na mgema ndicho kile ambacho kingekuwa shada la nazi. Na nyingi ya nazi zinazofika Diani huangushwa zikiwa madafu kwa ajili ya watalii, kabla hazijakomaa. Hivyo nyumba iliyokuwa ikichuma nazi uani sasa huinunua moja moja barabarani, na mpishi anayehesabu nazi hawezi kukamua tui la watu kumi.

Moto nao umebadilika. Wazee walipenda kuni za mkoko kwa sababu huwaka kwa nguvu na kaa lake hudumu. Leo mikoko ya ghuba ya Gazi, mwendo mfupi kaskazini mwa Msambweni, inalindwa na wanakijiji wenyewe kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013 na kuingiza fedha kwenye maji na shule. Mradi huo ulihimiza upandaji wa mivinje ili watu wapate kuni bila kugusa mikoko. Sina malalamiko hapo. Mikoko ikikatwa, samaki hukosa mahali pa kuzalia, na siku za mwaka zisizo na ng'ombe ni nyingi kuliko zile zenye ng'ombe. Tulitumia kuni za mvinje na kumalizia kwa makaa, na hakuna mlaji aliyeuliza.

Njia za mkato: ipi ya kukubali, ipi ya kukataa

Si kila mtu ana asubuhi nzima na watu wanne, na sioni faida ya kuwahubiria wasomaji wanaorudi nyumbani saa moja usiku. Kwa hiyo nitasema wazi kile nilichokiona.

Sufuria ya presha naikubali. Ugumu wa matumbo unatokana na nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo huhitaji maji na joto la muda mrefu ili ziyeyuke. Presha hufanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi na gesi kidogo. Itumie kwa mchemsho wa kwanza tu, kisha hamishia sufuria ya wazi kwa tui. Onyo moja: vifundo vya chengelele hufunguka ndani ya presha visipokazwa vizuri.

Mashine ya kukuna nazi iliyo katika masoko mengi ya Pwani naikubali pia, mradi nazi ivunjwe na kukunwa mbele yako. Unga wa nazi wa pakiti naukataa kwa pishi hili. Kwa maharage utapita bila kugunduliwa. Kwa matumbo, ambayo yenyewe hayana ladha kali, tui ndilo mchuzi wote, na ukikosa tui umekosa pishi.

Kuhusu afya, matumbo yana protini na vitamini B12 na kwa kawaida huuzwa bei nafuu kuliko steki, jambo lisilo dogo kwa bei za sasa. Lakini yana kolesteroli nyingi, na nyama za ndani kwa jumla zinaweza kuwachochea wenye jongo. Ukiongeza tui zito, una chakula cha sikukuu, si cha kila Jumamosi. Mama alikipika mara chache kwa mwaka kwa uhaba wa mikono. Sisi tuna sababu nyingine ya kufuata ratiba yake.

Siku ya Idi tulipika sufuria mbili. Kaka alipata embe bichi chache za msimu mdogo wa katikati ya mwaka, mimi nikaleta ukwaju. Ya embe ilikuwa nyepesi na yenye rangi ya manjano iliyo wazi, na vipande vya embe vilibaki vikitafunika. Ya ukwaju ilikuwa nyeusi kidogo na nzito, ikashika sima vizuri zaidi. Mama mdogo alionja zote na kusema zote ni za dada yake, ila chumvi imezidi kwenye ya kaka.

Kwa msomaji ambaye mzazi wake yu hai, nina ombi. Usimwombe akuandikie namna ya kupika, maana atakuandikia vitu vitano na kusahau ishirini anavyovifanya bila kufikiri. Nenda naye bucha asubuhi, umtazame anavyochagua na anavyokataa. Muulize alipika hivyo mwezi gani, nazi ilitoka wapi, nani alimsaidia kusafisha, na kitu fulani kikikosekana alitia nini badala yake. Andika majibu hayo pamoja na mwaka. Na siku ya kupika, waite ndugu zako mapema, kabla ya kukwangua, wasije wakati wa kula tu.